NANI ANAYEKANYAGA MAFUTA?



Hivi karibuni tulitembelea shamba moja la chai upande wa magharibi wa Uganda kusikiliza matatizo ya wanachama. Tulitegemea kusikia habari za kilo na mizani, kama kawaida. Lakini mtu wa kwanza kutusimamisha pale uwanjani alikuwa dereva wa lori la majani, mtu mzima, mwenye miaka kumi na minne kazini. Alitoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne, akatupa tusome. Ilikuwa karatasi ya faini ya mwendo. Lori lake lilipimwa likienda kilomita 78 kwa saa katika kituo cha biashara ambapo mwisho ni kilomita 50.

Tulimwuliza, "Mzee, ni kweli ulikuwa unakwenda hivyo?"

Akajibu bila kusita, "Kweli kabisa, vijana wangu. Askari hakunionea. Lakini niulizeni kwanza kwa nini."

Tukamwuliza kwa nini. Jibu lake ndilo lililotufanya tuandike makala hii, kwa sababu tuliona kwamba haliwahusu madereva peke yao. Linamhusu mchumaji anayepanda nyuma ya lori jioni, linamhusu mfanyakazi wa kiwanda anayerudi nyumbani kwa miguu kando ya lami usiku, na linawahusu watoto wetu wanaovuka barabara kwenda shule.

JANI HALINGOJI

Kila mchumaji anajua kwamba jani la chai likishachumwa halingoji. Likirundikwa garini kwa muda mrefu hupata joto, hubadilika rangi kuwa jekundu, na kiwandani hukataliwa au kushushwa daraja. Ni hivyo hivyo kwa ndugu zetu wa miwa: muwa uliokatwa ukichelewa kusagwa hupungukiwa sukari. Kwa hiyo mashamba yote yana haraka, na haraka hiyo anakabidhiwa dereva pamoja na ufunguo wa gari.

Dereva wetu alieleza hivi. Mshahara wake wa msingi ni mdogo. Kinacholisha watoto ni malipo ya safari. Akipeleka majani mara tatu kwa siku, anapata kitu cha kupeleka nyumbani. Akipeleka mara mbili, mwezi ule kuna karo isiyolipwa. Kutoka shambani hadi kiwandani ni kilomita 36. Karani wa shamba huandika saa ya kuondoka, na karani wa kiwanda huandika saa ya kufika. Majani yakikataliwa, anayeulizwa ni dereva.

Tulikaa naye chini tukapiga hesabu. Kilomita 36 kwa mwendo wa 50 ni kama dakika 43. Kwa mwendo wa 80 ni dakika 27. Basi kwa kuhatarisha roho yake na za watu wengine, dereva anaokoa dakika 16.

"Na ukifika kiwandani, unapimiwa mara moja?" tulimwuliza.

Akacheka kwa uchungu. "Siku ile ya faini niliwakuta wenzangu tisa kwenye foleni ya mizani. Nilingoja saa mbili na nusu."

Ndugu, fikirini jambo hilo. Dakika 16 zinaibwa barabarani, mbele ya shule na soko, halafu saa mbili na nusu zinatupwa bure langoni. Haraka yote ni ya dereva, na uchelewaji wote ni wa kiwanda. Lakini hakuna aliyewahi kuiandikia mizani faini.

KAMERA HAIMWONI TAJIRI

Mwisho wa mwezi mzee huyu alipokwenda kuchukua mshahara, alikuta faini yote imekwisha katwa. Hakuulizwa wala hakusaini popote. Aliambiwa tu, "Wewe ndiye uliyekanyaga mafuta."

Jambo hili litazidi kuwa kubwa, kwa maana siku hizi askari mwenye kijitabu anapokewa kazi na mitambo. Mwezi Juni 2025 Uganda ilianza utaratibu wa kutoza faini kwa kamera zinazosoma namba ya gari zenyewe. Aliyezidisha mwendo kwa kilomita zisizofika 30 alitakiwa kulipa shilingi 200,000, na aliyezidisha kwa kilomita 30 au zaidi alitakiwa kulipa shilingi 600,000. Kelele za madereva na wenye magari zilikuwa nyingi mno, na utaratibu huo ukasimamishwa katika mwezi ule ule.

Rwanda nako kamera zimekwisha zoeleka, hata watu wamezipa jina la mwanamke: wanaziita Sofia. Tanzania madereva wanaogopa tochi, yaani kile chombo ambacho askari wa usalama barabarani humulika gari akisoma mwendo wake toka mbali. Dereva wa trela anayetoka pwani hadi Kigali hukutana na vyombo hivi vyote katika safari moja, na tena akiingia Rwanda hana budi kuhama mkono wa kushoto wa barabara na kushika wa kulia.

Sisi hatupingi kamera. Kamera haiombi chai, wala haimwonei mtu kwa sababu ya kabila lake. Lakini kamera inasoma namba ya gari tu. Haisomi mkataba wa dereva, haioni kwamba amelala saa nne, wala haisikii simu ya meneja inayomwuliza, "Umefika wapi?" Karatasi inakwenda kwa mwenye gari, na mwenye gari anaitelemsha kwa dereva. Kama chama hakikuweka mkono wake mapema, kila mtambo mpya utakuwa njia mpya ya kupunguza mshahara.

Inasemekana kwamba mtu wa kwanza kuadhibiwa kwa kosa la mwendo wa gari alikuwa Mwingereza, Walter Arnold, mwezi Januari 1896 katika jimbo la Kent. Alikuwa akienda maili 8 kwa saa, yaani kama kilomita 13, mahali palipotakiwa maili 2. Askari alimfukuza kwa baiskeli mpaka akamkamata. Alitozwa shilingi moja kwa mwendo ule. Huyo Arnold alikuwa mfanya biashara ya magari, na haraka ilikuwa yake mwenyewe. Siku hizi aghalabu mwenye haraka ni mmoja na mwenye kulipa ni mwingine.

HESABU ZA BARABARANI

Pamoja na hayo, tusije tukadhani kwamba mwendo ni shauri la karatasi tu. Hata kama askari wote wangelala, barabara ina sheria zake ambazo hazina rufani.

Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kila sekunde. Linalokwenda 80 hukata mita 22. Dereva akiona mtoto anaruka barabarani, sekunde nzima hupita kabla mguu haujafika kwenye breki. Baada ya hapo ndipo gari linaanza kupunguza mwendo. Gari dogo lenye breki nzuri, juu ya lami kavu, likiwa na mwendo wa 50 litasimama baada ya karibu mita 28. Likiwa na mwendo wa 80 litahitaji karibu mita 58. Lori lililojaa majani mabichi, lenye tairi kipara, juu ya lami yenye umande wa asubuhi, litakwenda mbali zaidi.

Tena nguvu ya kugonga haiongezeki sawasawa na mwendo. Mwendo ukizidi mara mbili, nguvu ya pigo inazidi mara nne. Kutoka 50 hadi 80 dereva anaona ameongeza kidogo tu, lakini pigo limezidi mara mbili na nusu. Ndiyo sababu ya kuweka 50 mjini na katika vituo vya biashara.

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba watu kama milioni 1.19 hufa kwa ajali za barabarani kila mwaka, na zaidi ya nusu yao ni waendao kwa miguu, wa baiskeli na wa pikipiki. Ndugu msomaji, hao ndio sisi. Wachache kati yetu wanaendesha. Wengi wetu tuko kando ya barabara.

MAKOSA YETU WENYEWE

Chama ambacho hakiwaambii wanachama wake ukweli si chama. Kwa hiyo hatuna budi kusema na haya.

Madereva tuliozungumza nao walikiri kwamba wakikutana njiani huwashiana taa kuonyana kuwa askari wako mbele. Wanauita huo umoja. Lakini mwenzako akipunguza mwendo kwa kilomita mbili tu, kisha akaongeza tena kabla ya kufika penye shule, umoja huo umemsaidia nani? Wengine walikiri kukata waya wa kidhibiti mwendo, au kumlipa fundi akilegeze. Kijana mmoja wa teksi alisema hajisikii kuwa dereva mpaka mshale upite 100. Abiria nao wana lawama yao. Ni wangapi kati yetu waliomwambia dereva, "Ongeza moto, tunachelewa"?

Na mkanda je? Tulisikia sababu za kila namna. Mmoja alisema mkanda unabana tumbo. Mwingine alisema gari likishika moto utamfunga ndani. Wa tatu alisema huuweka begani bila kuufunga akiona askari, akishapita anauachia. Wapo waliotuambia, "Ajali haina kinga."

Methali hiyo wazee waliitumia kumfariji aliyefikwa na msiba. Hawakuitumia kumfundisha mtu kuendesha gari. Mkanda wa kupita begani na kiunoni ulibuniwa mwaka 1959 na mhandisi Nils Bohlin wa kiwanda cha Volvo huko Sweden, na kiwanda hicho kikaruhusu viwanda vingine vyote kuutumia. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mkanda hupunguza hatari ya kufa kwa dereva na abiria wa mbele kwa karibu nusu. Nusu ya hatari, kwa kitambaa na kifungo! Mwenye hofu ya moto akumbuke kwamba aliyepigwa kichwa na kioo akazimia ndiye asiyeweza kutoka.

WA NYUMA HAWANA MKANDA

Jioni ile tulikaa na wachumaji waliokuwa wakingoja lori la kuwarudisha kambini. Mama mmoja alituonyesha mkono wake wa kushoto, ambao haukunjiki tena tangu lori lililowabeba lilipopinduka kwenye kona. "Tulikuwa tumesimama wima kama majani," alisema. "Hapakuwa na pa kushika isipokuwa mwenzako. Dereva alitaka kuwahi safari nyingine." Siku ile ile, lori hilo hilo lililowabeba watu jioni lilikuwa limebeba majani mchana, na bao lake la nyuma lilifungwa kwa kamba.

Lori la mizigo limetengenezwa kubeba mizigo. Halina kiti, halina mkanda, halina paa la kumkinga mtu likipinduka. Mwajiri anayewabeba watu wake kama magunia hawezi kumlaumu dereva peke yake kukitokea msiba. Mama yule alitwambia neno ambalo hatukulitegemea: "Mimi simchukii dereva. Yeye pia alikuwa anatafuta kilo zake."

MAJIRANI WAMEFANYA NINI

Kenya mwaka 2004, wakati John Michuki alipokuwa waziri wa uchukuzi, matatu zote zilitakiwa kufunga kidhibiti mwendo kisichozidi kilomita 80, na kila kiti kiwe na mkanda. Siku za kwanza magari mengi hayakutoka, na watu walikwenda kazini kwa miguu. Jambo ambalo husahauliwa ni kwamba kanuni zile zilitaka pia madereva na makondakta waajiriwe ajira ya kudumu, waache kuishi kwa kubahatisha hesabu ya siku. Mikanda ilifungwa upesi. Ajira ya kudumu inadaiwa mpaka leo.

Rwanda tangu mwaka 2015 imeagiza magari ya abiria na malori yafungwe kidhibiti cha kilomita 60. Dereva mmoja wa trela alitueleza kwamba mwanzoni alilalamika sana. Baadaye aliona kwamba tajiri hawezi tena kumpigia kelele akimbie, kwa kuwa tajiri mwenyewe anajua gari halikimbii. "Kile chombo kinanisemea," alisema.

Tanzania mwaka 2015, mwezi Aprili na tena mwezi Mei, madereva wa mabasi na malori waligoma, na vituo vya mabasi vikajaa abiria wasio na usafiri. Walikataa kulazimishwa kurudi darasani kila wanapotaka leseni mpya, na pamoja na hilo walidai mikataba ya kazi. Walijua kwamba dereva asiye na mkataba hana mahali pa kusimama akiambiwa aende upesi.

Katika ngazi ya dunia, Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha Mkataba namba 153 mwaka 1979. Mkataba huo unasema dereva asiendeshe zaidi ya saa 4 mfululizo bila kupumzika, na jumla isizidi saa 9 kwa siku wala 48 kwa wiki. Madereva wangapi wanaosoma makala hii wamepata kuishi hivyo hata wiki moja?

TUNACHODAI

Baada ya mazungumzo hayo yote, sisi tunaona mambo haya yafaa kuingia katika kila mkataba wa pamoja wenye madereva:

Kwanza, mshahara wa mwezi unaotosha, ili malipo ya safari yasiwe ndiyo chakula cha nyumbani. Dereva asilipwe kwa kukimbia.

Pili, saa ya kungoja kwenye mizani, bandarini au mpakani ihesabiwe kuwa saa ya kazi na ilipwe. Kiwanda kikilipia foleni yake, kitatafuta dawa ya foleni.

Tatu, faini yoyote isikatwe mpaka dereva asikilizwe mbele ya mwakilishi wa chama. Sheria za kazi za Tanzania za mwaka 2004, za Uganda za mwaka 2006 na za Kenya za mwaka 2007 zote zimeweka mipaka juu ya kukata mshahara wa mfanyakazi. Meneja hana ruhusa ya kujikatia anavyotaka. Ikionekana kwamba ratiba haiwezekani bila kuvunja sheria, mwenye ratiba alipe.

Nne, dereva awe na haki ya kukataa gari bovu: breki mbovu, tairi kipara, taa zilizokufa. Aandike ubovu huo katika kitabu, na asiadhibiwe kwa kuandika.

Tano, wafanyakazi wabebwe katika gari lenye viti na mikanda.

Na sisi kwa upande wetu tutoe ahadi. Dereva mwanachama afunge mkanda wake kabla ya kuwasha gari, aache waya wa kidhibiti mwendo ulivyo, na apite penye shule kana kwamba mwanawe ndiye anayevuka. Hatuwezi kumwambia mwajiri aheshimu roho za watu ikiwa sisi wenyewe hatuziheshimu.

KILICHOTOKEA

Msomaji atapenda kujua mambo ya yule mzee yaliishia wapi. Wajumbe wa tawi hawakwenda kwa meneja kumtetea kwamba hakuzidisha mwendo, maana alizidisha. Walichukua kitabu cha mizani cha wiki tatu, wakajumlisha saa ambazo malori yalingoja langoni, wakamwekea meneja mezani. Meneja alikisoma kwa muda mrefu. Alikubali kurudisha nusu ya fedha zilizokatwa, na kuweka karani wa pili kwenye mizani wakati wa majani mengi. Kuhusu malipo ya safari alisema atawauliza wakubwa zake. Mazungumzo hayo bado yanaendelea, na tawi limeapa kutoyaachia njiani.

Nusu nyingine mzee aliilipa mwenyewe. Hakulalamika. Alituambia kwamba siku ile ya faini, hatua chache baada ya askari kumwachia, wanafunzi walikuwa wakitoka shuleni, na kwamba tangu hapo akifika mahali pale mguu wake unajitoa wenyewe kwenye mafuta. "Lakini wapigeni tu mbio wale wa mizani," alisema akipanda kwenye lori. Alivuta mkanda, akaufunga, akawasha gari.

Ndugu, tumieni kitabu cha mizani na kitabu cha saa kama walivyofanya wenzetu hawa. Andikeni saa mliyoondoka, saa mliyofika, na saa mlizongojeshwa. Siku dereva wenu atakapoletewa karatasi ya faini, wekeni kitabu hicho kando yake, muulize kwa sauti moja: nani aliyekuwa anakanyaga mafuta?

Umoja ni nguvu.